Shangazi Hakupunguza Chochote: Historia Fupi ya Bei ya Dola

Wasee, leo sina udaku wa mtu maarufu. Nina kisa cha kwetu nyumbani, na nina historia ya miaka mia moja na kitu. Mwanzoni zitaonekana ni hadithi mbili tofauti. Zivumilie zote, utaona zinapokutana.

Shangazi yangu anafanya kazi Doha, kule Qatar. Ni dada mdogo wa babangu. Kila mwisho wa mwezi anatuma pesa kwa shosho Murang'a: dawa za presha, chakula, mshahara wa kijana anayechunga ng'ombe, na ikibaki kidogo, karo yangu. Huwa anatuma riyali 1,092. Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola, riyali 3.64 kwa dola moja, haipandi wala haishuki. Kwa hivyo hizo ni dola 300 kamili.

Januari 2024, dola 300 zilikuwa karibu shilingi 48,000. Mwisho wa Machi mwaka huohuo, zikawa kama 39,000. Thao tisa zimepotea ndani ya miezi miwili na hakuna aliyetuambia chochote.

Grupu ya familia ikawaka moto. Anko, ambaye alikuwa ameanza kujenga banda la kuku akihesabu zile 48,000, akaandika kwamba shangazi siku hizi ana mambo yake huko Uarabuni. Mwingine akasema watu wakiomoka husahau kwao. Halafu Anko akatoa wazo: kijana wa ng'ombe analipwa 9,000, tumpunguzie mpaka 6,000, mambo yakae sawa.

Na mimi, mjanja wa intaneti, nikamtumia shangazi meseji kando: "Shangazi, kama umechoka kusaidia shosho sema tu. Usikate kidogo kidogo."

Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanitumia picha za risiti, tatu, moja baada ya nyingine. Januari: riyali 1,092. Februari: riyali 1,092. Machi: riyali 1,092. Chini yake akaandika maneno machache: "Mwanangu, mimi natuma zilezile. Kaulize shilingi yenu imeenda wapi."

Manze, niliona aibu ambayo sijawahi kuona. Lakini nilienda kuuliza kweli. Na swali la shilingi yetu imeenda wapi lilinirudisha nyuma zaidi ya nilivyotarajia, mpaka wakati ambapo hata shilingi yenyewe haikuwepo.

Kabla ya shilingi

Zamani hapa pesa ilikuwa rupia. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, wengi wao wakitoka Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini. Waliobaki hai walifanya kile shangazi anachofanya leo: kuchuma mbali na kukumbuka nyumbani. Tofauti ni kwamba wakati huo Kenya ndiyo ilikuwa "nje". Pesa zilitoka huku zikienda India.

Na walikuwa na bahati moja ambayo shangazi hana. Rupia ya Mombasa na rupia ya Lahore ilikuwa ileile. Ukituma rupia kumi, zilibaki rupia kumi, ukitoa tu gharama ya kuzifikisha. Hakukuwa na mtu katikati wa kukwambia leo rupia yako ina thamani gani.

Aliyekuwa na shida hiyo ni mzungu mwenye shamba. Yeye alikopa kwa rupia, akalipa vibarua kwa rupia, lakini kahawa yake na katani yake iliuzwa London kwa pauni. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua kwa sababu serikali ilikuwa imeweka bei: rupia 15 kwa pauni moja.

Halafu ikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Rupia ilikuwa sarafu ya fedha, yaani ile madini yenyewe, na bei ya madini hayo ikapanda sana duniani. Rupia ikapanda nayo. Kufikia 1920 ilikuwa imepita shilingi mbili za Kiingereza, kutoka shilingi moja na peni nne.

Fanya hesabu na mimi. Mzungu amekopa rupia 15,000 wakati rupia 15 ni pauni moja. Anadaiwa pauni 1,000. Sasa rupia moja ni shilingi mbili, na pauni moja ina shilingi 20, kwa hivyo pauni moja ni rupia 10. Deni lake lilelile la rupia 15,000 sasa ni pauni 1,500. Hajakopa hata senti zaidi. Hajafanya kosa. Namba imesonga tu, na yeye amelala na deni la 1,000 akaamka na la 1,500.

Nikisoma hapo nilikumbuka risiti za shangazi. Pesa zilezile, thamani nyingine.

Mzigo ukishuka, unaishia kwa nani?

Masetla walipiga kelele mpaka London. Serikali ya Uingereza ikaamua mwaka wa 1920: rupia itafungwa kwa shilingi mbili. Pesa mpya inayoitwa florini ikachukua nafasi ya rupia, moja kwa moja. Mwaka uliofuata, 1921, wakabadilisha tena. Ndipo ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, florini moja kwa shilingi mbili, shilingi 20 kwa pauni. Ndani ya miaka miwili, watu wa hapa walishika pesa za aina tatu.

Walioshinda ni wenye kudai, yaani mabenki na wakopeshaji, kwa sababu madeni yao yalibaki makubwa vilevile. Setla akaambiwa ale hasara. Na bahati mbaya, wakati huohuo bei za mazao zikaanguka duniani.

Lakini setla hakuila hiyo hasara peke yake. Mwaka wa 1921 masetla walikubaliana kupunguza mshahara wa wafanyakazi Waafrika kwa theluthi moja. Theluthi moja, wasee. Kibarua ambaye hakuwa amekopa popote, hakuuza kahawa London, na pengine hakuwahi kuona pauni, ndiye aliyekatwa. Na hii ni wakati kodi ya nyumba ilikuwa imetoka kupandishwa kutoka rupia 5 hadi 8, ambazo kwa pesa mpya ni shilingi 16. Mshahara umeshuka, kodi imepanda, na kodi usipolipa unashikwa.

Kulikuwa na kijana mmoja Nairobi akifanya kazi ya kupokea simu katika ofisi ya Hazina. Jina lake Harry Thuku. Mwaka huohuo wa 1921 alianzisha chama cha vijana, na kati ya malalamiko yao makubwa kulikuwa na huo mshahara uliokatwa, kodi, kipande, na wanawake kulazimishwa kufanya kazi mashambani. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilitokana na bei ya rupia. Shamba lililoibwa ni shamba lililoibwa hata rupia ikitulia. Lakini ule mkato wa theluthi moja una mzizi wake hapo.

Machi 14, 1922 Thuku alikamatwa. Tarehe 16 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ukitaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwaaibisha na kuongoza watu mbele. Polisi wakafyatua risasi. Muthoni alikufa hapo. Serikali ilihesabu waliokufa 21, wengine walisema ni zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Shuleni tulifundishwa Harry Thuku kama mtu wa ukombozi, na ni kweli. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba nyuma ya maandamano yale kulikuwa pia na suala la bei ya ubadilishaji pesa, na la nani aliyebebeshwa tofauti yake.

Shilingi yetu wenyewe

Septemba 14, 1966 Kenya ilitoa noti zake za kwanza chini ya Benki Kuu yake. Bei ilikuwa shilingi 20 kwa pauni ya Uingereza na shilingi 7.14 kwa dola. Ndiyo maana hadi leo kuna wazee wanaoita shilingi 20 "paundi". Sisi tunaita mbao. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1967, Uingereza ilishusha thamani ya pauni yake na Kenya ikakataa kuifuata. Pauni ikashuka hapa hadi kama shilingi 17.14. Ndiyo, kuna siku tulikuwa na nguvu ya kukataa.

Lakini kutulia kwa shilingi kulikuwa na bei yake. Miaka hiyo yote serikali ndiyo iliyoshika pesa za kigeni. Mzazi mwenye mtoto anayesoma Uingereza au India hangeingia tu mahali anunue pauni na kutuma karo. Ilibidi kuomba kibali, kupeleka barua ya chuo, kusubiri. Kubaki na dola nyumbani bila ruhusa lilikuwa kosa la kisheria. Na popote penye kibali pana mtu anayekipata haraka na mwingine anayezungushwa. Wasioweza kusubiri walienda soko la magendo na kulipa zaidi.

Halafu miaka ya tisini ikaingia. Novemba 1991 wafadhili walifunga mfereji wa misaada. Mwaka wa 1992 ulikuwa wa uchaguzi na pesa nyingi zikamwagwa nje. Juu ya hapo ikaja Goldenberg: kampuni iliyolipwa na serikali fidia ya mabilioni kwa kudai inauza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo haikuwa na dhahabu ya kiasi hicho wala almasi za kuuza. Shilingi ikaporomoka. Wastani wa bei ya dola mwaka wa 1992 ulikuwa karibu shilingi 32. Mwaka wa 1993 ukawa karibu 58. Bei za vitu mwaka huo zilipanda kwa karibu asilimia 46.

Tena nauliza: nani alilipa? Si waliokula Goldenberg. Ni mwalimu mwenye mshahara wa shilingi ambao haukupanda hivyo. Ni yule mzazi mwenye mtoto ng'ambo, ambaye karo ya dola 1,000 ilitoka 32,000 ikawa 58,000 kwa mwaka mmoja, mtoto akiwa darasa lilelile.

Oktoba 1993 serikali iliacha shilingi ielee, yaani bei ipangwe na soko. Kufikia 1995 maduka ya kubadilisha pesa yalikuwa yamepewa leseni na ile sheria ya kudhibiti pesa za kigeni ikafutwa. Hiyo nasema wazi ilikuwa hatua nzuri kwa familia kama yetu. Bila hiyo shangazi angekuwa bado anatuma mani oda au kumpa mtu bahasha uwanja wa ndege. Leo pesa inatoka Doha na kufika kwa simu ya shosho kabla chai haijapoa.

Lakini pesa ikielea, nasi tunaelea nayo.

Sasa turudi 2024

Mwaka wa 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa kuuza hatifungani, ile mnayosikia ikiitwa Eurobond, na deni likatakiwa kulipwa Juni 2024. Kadiri siku ilivyokaribia, watu wenye pesa waliogopa kwamba Kenya haitaweza kulipa. Ukiogopa hivyo unafanya nini? Unashika dola zako kwa nguvu. Dola zikawa adimu, bei ikapanda. Mwanzo wa 2023 ilikuwa kama 124. Januari 2024 ikapita 160.

Februari 2024 serikali ikakopa tena dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya lile deni la zamani, kwa riba ya zaidi ya asilimia 10. Hofu ikaisha kwa siku chache. Waliokuwa wameficha dola wakaziachilia. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130.

Hapo ndipo thao tisa za shosho zilienda. Hakuna mwizi. Shangazi hakukata. Kwa nchi ilikuwa hata habari njema, kwa sababu madeni ya dola yakawa mepesi ukiyahesabu kwa shilingi. Lakini fea ya matatu ya kwenda hospitali haikushuka kwa kiasi hicho, wala bei ya dawa. Mapato ya shosho yalishuka mara moja. Matumizi yake yalibaki palepale juu.

Na kuna kitu kingine ambacho hesabu ilinionyesha, na ndicho kilichoniuma. Mwanzo wa 2023, dola 300 kwa 124 zilikuwa 37,200. Mwaka mzima zikapanda polepole mpaka 48,000. Je, kuna yeyote kwenye grupu aliyempigia shangazi kusema asante, siku hizi tunapata zaidi? Hakuna. Tulizoea. Tukaongeza matumizi, Anko akaanza banda. Ikipanda tulisema ni bahati yetu, ikishuka tukasema ni roho mbaya yake. Na yeye muda wote huo aliamka saa kumi asubuhi kwenda kazi ileile kwa riyali zilezile.

Halafu nikakumbuka wazo la Anko kuhusu kijana wa ng'ombe. Kutoka 9,000 hadi 6,000. Ukitoa 3,000 kwa 9,000, hiyo ni theluthi moja.

Ni mkato uleule wa 1921. Anko si mkoloni, ni mtu mzuri aliyebanwa na banda la kuku. Lakini akili ilienda njia ileile: namba imesonga juu huko, tunatafuta nani yuko chini asiye na mdomo. Kijana yule hajui riyali wala Eurobond. Hata hayuko kwenye grupu.

Nilimwambia shosho haya yote jikoni, kwa Kikuyu changu cha Nairobi kilichovunjika. Alisikiliza akichambua maharagwe. Mamake alikuwa msichana wakati wa Thuku, na aliwahi kumsimulia kuhusu kodi ile ya shilingi 16. Akasema kijana hatakatwa hata shilingi. Banda la kuku litasubiri. Mambo yakaishia hapo, kwa sababu hakuna anayebishana na shosho.

Sasa tunafanya nini?

Kwanza, ujue hii si hadithi ya familia moja. Mwaka wa 2023 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.19. Mwaka wa 2024 zikawa bilioni 4.94. Zaidi ya nusu zinatoka Marekani. Ni moja ya njia kubwa kabisa za nchi hii kupata pesa za kigeni. Kila dola hapo ina mtu aliyeitolea jasho na mtu anayeingoja, na kati yao kuna namba ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipanga.

Pili, jifunze kusoma risiti. Ukiona tangazo la "kutuma bila ada", tazama bei wanayokupa. Kama soko linasema 129 na wao wanakupa 126, kwa dola 300 umeshakatwa shilingi 900. Hiyo ni ada, imevaa nguo nyingine tu. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba gharama ya kutuma pesa ishuke chini ya asilimia 3 kufikia 2030, na kwa Afrika bado tuko juu sana ya hapo.

Tatu, ongeeni kwa pesa anayotuma mtumaji, si kwa pesa mnayopokea. Sisi tumenunua daftari ya mbao mbili pale dukani. Kila mwezi shosho ananiambia, naandika: tarehe, riyali, bei ya dola siku hiyo, shilingi zilizofika. Mwezi dola ikipanda, ile ya ziada haiguswi, inawekwa kando. Ikishuka, tunachukua hapo. Hata Anko ameikubali, ingawa bado analia kuhusu kuku.

Na mwisho, kama uko na meseji kama ile niliyomtumia shangazi na hujaibonyeza bado, ifute. Uliza kwanza bei ya dola ni ngapi.

Mimi nilimpigia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya historia, rupia na florini na nini. Hakunipa nafasi. Alisema yuko kwenye basi anarudi kutoka kazini, mtandao ni mbaya, amenisamehe, na je, shosho amekunywa dawa?